Kuuza mtandaoni kwa madalali wa kamisheni: mwongozo kwa mwenye duka wa Mombasa

Mombasa haina haja ya kufundishwa udalali. Nyumba, kiwanja, gari lililotoka bandarini, kote kuna mtu wa kati anayejua nani ana mali na nani anaitafuta, naye hupewa chake biashara ikishakamilika. Kuuza mtandaoni kwa kamisheni ni kazi hiyohiyo, isipokuwa dalali wa sasa hakai barazani. Yuko kwenye stetasi ya WhatsApp, kwenye TikTok, au ndani ya kundi la Facebook la wakaazi wa Bamburi. Anaonyesha bidhaa yako kwa watu wanaomwamini. Mtu akinunua kupitia kwake, unamkatia fungu lake. Mtu asiponunua, hudaiwi hata senti.

Hapo ndipo njia hii inapoachana na tangazo, kwa sababu tangazo unalilipia liwe limeuza au halikuuza. Amazon waliliona hilo mapema: mwaka 1996 walianza kuwalipa wenye tovuti asilimia ya kila mauzo waliyoyaleta, na maduka mengi ya mtandaoni duniani yakaiga. Wao wana mitambo na mawakili. Wewe mwenye duka la madera Biashara Street, au unayefunga viungo vya pilau nyumbani kwako Tudor, wahitaji vitu viwili tu: hesabu isiyokudanganya, na njia ya kujua bila ubishi ni dalali gani aliyemleta mteja gani. Ugomvi mwingi wa kamisheni ninaousikia hapa mjini una mzizi wake kwenye kimojawapo.

Neno moja kabla ya kuanza. Kama bidhaa yako haijawahi kununuliwa na mtu usiyemjua, dalali hataiokoa. Uza mwenyewe kwanza, uyajue maswali ya wateja, ujue mzigo unafikaje Mtwapa na Ukunda, ndipo uite watu.

Hatua ya 1: Chagua bidhaa mbili au tatu, si duka zima

Dalali akipewa picha sitini hatumi hata moja. Mpe bidhaa chache zinazoeleweka kwa picha moja, zinazovumilia safari, na ambazo ukiishiwa waweza kuzijaza tena upesi.

Dera ni zuri kwa kazi hii kwa kuwa saizi yake ni huru; mteja wa Kisumu haulizi mabega. Udi, viungo vilivyofungwa vizuri na vikoi navyo husafiri bila matata. Buibui la kushonwa ni gumu zaidi, maana urefu ukikosewa kwa inchi mbili linarudi, na kila kinachorudi kinakula kamisheni na nauli. Achari ya embe hupendwa na watu wa bara, lakini kopo lisilofungwa sawasawa litamwaga mafuta ndani ya basi, na ukapata wateja watatu wenye hasira kwa mpigo mmoja, wawili kati yao wakiwa hawakununua kwako chochote.

Leso ina mtihani wake. Watu hununua jina la leso kama wanavyonunua rangi yake, na jina likiisha sokoni limeisha. Dalali akitangaza pea moja kwa wiki nzima kisha ukamwambia imekwisha, ameaibika mbele ya watu wake, wala hatakutangazia tena kwa moyo ule. Kama ni leso, mpe majina uliyonayo kwa wingi tu.

Vitu vya bei ndogo kama pakiti ya mabuyu visiuzwe kimoja kimoja kwa njia hii. Kamisheni ya shilingi kumi haimwamshi mtu usingizini. Funga katoni, au changanya mabuyu, ukwaju na kashata ndani ya boksi moja la zawadi, ndipo kuwe na kitu cha kugawana.

Hatua ya 2: Piga hesabu mpaka chini kabisa

Wengi hutaja asilimia kwa kusikia: fulani anatoa kumi, mimi nitatoa ishirini niwapate wote. Kaa chini na kalamu. Tuseme dera unaliuza shilingi 1,800 na kulinunua kwa jumla 1,050. Inabaki 750. Sasa toa yale ambayo hatupendi kuyahesabu: mfuko na lebo 50, makato ya malipo ya simu na bando 36, akiba ya madera yatakayorudi au kuharibika 60. Kama mauzo yako kwa mwaka yako kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 na umejiandikisha kulipa kodi ya mauzo ghafi, ile wanayoiita TOT, KRA wanachukua asilimia 3 ya mauzo, yaani 54 kwa dera moja. Angalia vizuri hapo: kodi hiyo inakatwa kwenye mauzo yote, si kwenye faida, kwa hiyo kamisheni unayomlipa dalali haipunguzi chochote. Jumla ya makato ni 200, na mkononi una 550.

Katika hiyo 550, mteja apate punguzo la 100 kwa kutumia jina la dalali, maana bila punguzo hana sababu ya kulitaja. Inabaki 450. Dalali akilipwa asilimia 10 ya bei, ni 180, nawe unabaki na 270. Ukimpa asilimia 15, yeye 270 na wewe 180. Ukimpa ile ishirini ya kuwavuta wote, yeye 360 na wewe 90. Kisha kwa furaha ukatangaza kufikisha bure ndani ya kisiwa, na tuktuk akataka 150. Hapo umelipa shilingi 60 mfukoni mwako ili mtu avae dera lako.

Kwa bidhaa za namna hii mimi huona theluthi ya kile kinachobaki baada ya makato ndiyo mpaka. Kwenye mfano wetu, theluthi ya 550 inaangukia karibu kabisa na ile asilimia 10. Bidhaa yenye faida nene, mathalani udi au manukato ya kuchanganya mwenyewe, inaweza kubeba asilimia 15 hadi 20. Simu na vifaa vya umeme havibebi hata 5.

Amueni mapema pia kama kamisheni inahesabiwa kwenye bei kabla ya punguzo au baada yake. Kumi kwa mia ya 1,800 ni 180. Ya 1,700 ni 170. Shilingi kumi si kitu, mpaka dalali auze madera mia na agundue kwamba mlielewana tofauti. Njia nyepesi kuliko zote ni kutaja pesa taslimu: dera moja, shilingi 170. Hakuna anayekosea hapo.

Hatua ya 3: Weka alama ya kujua nani kamleta mteja

Hatua hii ndiyo yenye kazi, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Mpe kila dalali jina lake la mauzo: neno moja fupi lisilo na namna mbili za kuliandika. Majina ya maua ya pwani yanafaa sana: ASUMINI, KILUA, REHANI. Usitumie jina lake halisi, kwa sababu utakuwa na akina Fatma wanne kabla ya mwezi kwisha, na usitumie tarakimu ndefu ambazo mteja atazikosea.

Kisha jina hilo lipite njia tatu.

Ya kwanza ni linki ya WhatsApp. Kila dalali mtengenezee linki inayofungua mazungumzo na duka lako huku ujumbe ukiwa umeshaandikwa. Muundo wake ni huu: wa.me/2547XXXXXXXX?text=Salaam,%20nataka%20dera.%20ASUMINI. Badala ya zile X weka namba ya duka, bila alama ya kujumlisha; na kila penye nafasi kati ya maneno andika %20. Mteja akibonyeza, ujumbe unatokea tayari, yeye anatuma tu. Ukiwa na WhatsApp Business, mbandike mteja huyo lebo yenye rangi ya dalali wake papo hapo, kabla hata hujamjibu.

Ya pili ni malipo, na hapa wenye Paybill wana bahati ambayo wengi hawaitumii. Till haina mahali pa namba ya akaunti: mteja anaweka namba, kiasi, basi. Paybill ina sehemu ya akaunti, na kama hujaifunga kwenye mfumo wa kukagua, mteja anaweza kuandika neno lolote pale. Mwambie aandike jina la dalali. Taarifa yako ya M-Pesa ya mwisho wa mwezi itakuja na ASUMINI, KILUA na REHANI zimejipanga zenyewe, na mtu akibisha unamwonyesha mstari. Angalia tu mpango wa makato mliochagua, maana gharama ya Paybill inaweza kubebwa na mteja, nawe, au mkagawana.

Ya tatu ni tovuti, kwa aliyenayo. Kama duka limejengwa kwa WooCommerce au Shopify, kuna programu za nyongeza zinazompa kila dalali linki yake na kuhesabu mauzo. Zinatumia kuki, yaani kijifaili kinachobaki kwenye simu ya mteja kikikumbuka alipotokea. Muda wa kuki ni uamuzi wako: Amazon kwa kawaida huhesabu saa 24 tu, wengine siku 30. Kwa wateja wetu, ambao hutazama leo na kununua mshahara ukiingia, saa 24 ni dhuluma; weka siku 30. Lakini ujue kuki hufutika, na mtu huona kwenye simu akanunua kwenye kompyuta ya kazini. Ndiyo sababu hata mwenye tovuti asiache kutumia jina la punguzo.

Yote hayo yaingie kwenye jedwali moja, Google Sheets au daftari la mistari, vyovyote: tarehe, mteja, bidhaa, kiasi kilicholipwa, namba ya muamala wa M-Pesa, jina la dalali, hali ya mzigo, kamisheni, imelipwa au bado. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali yenyewe ni ya watu wawili.

Swali litakalokujia wiki ya pili: mteja ameona dera kwa Asumini, akauliza maswali kwa Kilua, akalipa. Nani alipwe? Kanuni ninayoipendelea ni moja: jina lililoandikwa wakati wa kulipa ndilo linalolipwa, hakuna kugawanya, hakuna kusikiliza kesi. Si haki kamili, lakini kila mtu anaiona kwa macho yake. Na mteja akirudi kununua mara ya pili? Amua muda. Siku 90 tangu ununuzi wa kwanza zinatosha. Dalali alipwe kwa kila anachonunua humo, baada ya hapo mteja ni wa duka.

Hatua ya 4: Andika masharti, ukurasa mmoja

Usichukue mkataba wa kurasa kumi na mbili kutoka mtandaoni. Andika Kiswahili cha kawaida, umtumie kwa WhatsApp, naye ajibu kwamba amekubali. Mfano:

“Duka litakulipa shilingi 170 kwa kila dera lililouzwa kwa jina lako. Mauzo yanahesabika pesa zikishaingia kwenye Paybill ya duka na siku 7 zikapita bila bidhaa kurudishwa. Kamisheni inalipwa kila tarehe 5 kwa M-Pesa, makato ya kutuma ni ya duka. Pesa za mteja zisipite mikononi mwako hata mara moja. Bei ni ile iliyoandikwa na duka. Usiongeze wala usipunguze. Usitume ujumbe kwa namba za watu ambao hawakukuruhusu. Usiseme jambo kuhusu bidhaa ambalo duka halikusema. Waambie watu wako kwamba unalipwa kamisheni. Duka au wewe mnaweza kuacha wakati wowote. Ulichokwisha kuuza utalipwa.”

Sharti la pesa kutopita kwa dalali lisilegezwe, hata kwa binamu yako. Siku dalali atakapopokea 1,700 za mteja na simu yake ikazimwa, mteja hatamtafuta yeye. Atapiga skrinshoti ya jina la duka lako na kuitundika kila kundi.

Lile la kutuma ujumbe ovyo lina sheria nyuma yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mtu kabla ya taarifa zake kutumiwa kibiashara, kwa hiyo dalali anayenunua orodha za namba anakuingiza matatani pamoja naye. Na la kutosema uongo liko kwenye Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012. Wauzaji wa mafuta ya habasoda walisome mara mbili: wewe umeandika mafuta ya nywele na ngozi, dalali kwa kutaka kuuza anasema yanaponya sukari, na anayeulizwa ni mwenye chupa.

Jambo jingine: usimtoze dalali ada ya kujiunga, wala usimlipe kwa kuleta madalali wengine. Ukifika huko umeshaacha kuuza madera, umeanza piramidi, na Wakenya wameshaumwa na nyoka huyo.

Hatua ya 5: Tafuta watu, na usikimbilie wenye wafuasi wengi

Ukurasa wenye wafuasi laki moja, nusu yao wako nje ya Kenya na robo wamekuja kwa vichekesho, hauuzi dera. Anayeuza ni yule ambaye akisema kitu kizuri watu humuuliza umekipata wapi.

Anza na wateja wako. Pitia mazungumzo ya WhatsApp, uangalie nani amenunua zaidi ya mara moja na nani amekuletea mtu bila kuombwa. Huyo tayari anafanya kazi. Unachofanya ni kuanza kumlipa.

Kisha tazama wenye kazi zinazokutana na wanunuzi. Wapaka hina na wapamba maharusi wamekaa na bibi harusi, mama yake na shangazi zake wote kwa saa nne, na mazungumzo hayo yote ni ya nguo na udi. Fundi cherehani. Mwenye saluni Kisauni. Mwanafunzi wa chuo, mathalani pale Technical University of Mombasa, ana makundi ya WhatsApp ya darasa zima. Wapwani walioko Nairobi ni hazina ya viungo, mabuyu na achari, kwa sababu wao wenyewe wamevikosa na majirani zao huvisikia harufu. Wale walioko Dubai au Muscat hawajinunulii wao wenyewe. Huwanunulia mama zao hapa, na hulipa bila kubembeleza bei.

Watano wanatosha kuanza. Ukianza na hamsini, utashinda unajibu madalali badala ya wateja.

Namna ya kumkabili mtu: usimtumie ujumbe mmoja uliowatumia wote, watu hunusa hilo. Kitu kama hiki kinatosha: “Salaam aleikum dadangu. Lile dera la bluu ulilonunua Shaaban, naona watu watatu wamekuja wakisema wameliona kwako. Ningependa uwe unapata chako. Kwa kila dera litakalouzwa kwa jina lako nitakulipa 170, na mtu wako atapunguziwa 100. Huweki pesa, hushiki mzigo. Ukipenda nikutumie masharti usome.” Kisha nyamaza. Asiyejibu ameshajibu.

Hatua ya 6: Mpe cha kuonyesha

Dalali si mpiga picha wako. Kila bidhaa iwe na picha tatu au nne zilizopigwa kwa mwanga wa mchana, moja ikiwa imevaliwa na mtu, moja ya karibu inayoonyesha kitambaa. Piga asubuhi au alasiri. Jua la saa saba la Mombasa linafuta rangi. Ongeza video ya sekunde kumi na tano kitambaa kikitingishwa, maana mteja wa mtandaoni anataka kujua kama ni chepesi au kizito, na picha haisemi.

Usiandike namba ya duka juu ya picha. Ukiiandika, mteja atakuja moja kwa moja bila jina la dalali, na dalali ataona umemzunguka. Andika jina la duka dogo pembeni, linki aweke yeye.

Mpe pia majibu ya maswali ambayo wewe umeyajibu mpaka umechoka: kinachuja? kinapigwa pasi? kikinibana nakirudisha? kinafika Malindi lini? Na kama faida inaruhusu, mpe dera moja alivae, umhesabie gharama kama gharama ya tangazo. Dera lililovaliwa kwenye harusi ya Mji wa Kale linafanya kazi ambayo picha hamsini hazifanyi.

Kila asubuhi tuma kwenye kundi la madalali kilichobaki na kilichokwisha. Mstari mmoja. Likiwa limekwisha, sema limekwisha.

Hatua ya 7: Mzigo ufike

Ndani ya kisiwa na Nyali, boda au tuktuk wa kuaminika anatosha, na hapo waweza kukubali mteja alipe akipokea. Likoni na kwingine kusini, panga mizigo ivuke feri asubuhi au katikati ya mchana. Jioni watu wanarudi makwao na boda atakudai bei ya kusubiri. Mizigo ya bara ipeleke kwenye mabasi Mwembe Tayari au kwa kampuni ya vifurushi, na huko mteja alipe kwanza, bila kupepesa macho. Risiti ya basi ipige picha, umtumie mteja na dalali pia. Dalali akiwa na risiti, mteja akimuuliza ana jibu, naye hakusumbui.

Usitoe mzigo kwa skrinshoti ya mteja wala kwa ujumbe aliokufowadia. Ujumbe bandia wa M-Pesa hutengenezwa kwa dakika. Angalia simu ya duka au taarifa ya Paybill, ndipo ufunge.

Msimu mkubwa wa nguo hapa ni Ramadhani, na haraka yote huangukia kumi la mwisho. Madalali wapewe picha mpya Shaaban, si mwandamo ukishaonekana. Weka siku ya mwisho ya kupokea oda za bara kabla ya Idi, uitangaze mapema, na ukishaifunga usifungue hata kwa anayelia. Dera linalofika Idi pili ni la kurudishwa.

Hatua ya 8: Lipa siku uliyosema

Tarehe 5 iwe tarehe 5. Siku moja kabla, mtumie kila dalali orodha yake: mauzo, yaliyorudi, jumla. Aseme kama kuna kosa. Kesho yake tuma pesa. Dalali anayelipwa bila kuuliza hutangaza bila kuombwa, na atawaambia wenzake. Anayezungushwa mara mbili hukaa kimya, na hutajua kwa nini mauzo yameshuka.

Kuhusu KRA: Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya watengeneza maudhui wa mtandaoni walio wakaazi wa Kenya, na kamisheni za namna hii zimetajwa humo. Anayelipa ndiye anayekata na kuwasilisha. Tangu Januari 2024 pia, anayelipa kodi kwa faida anatakiwa kuwa na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, ili gharama ikubaliwe. Madalali wako wakianza kupata pesa za maana, kaa na mhasibu mara moja mpange hili, na mwambie dalali mapema kwamba kutakuwa na makato. Akiyaona siku ya malipo atadhani umemla.

Hatua ya 9: Chunga ujanja, bila kumshuku kila mtu

Upo wa aina chache. Dalali hununua mwenyewe kwa jina lake, apate punguzo na kamisheni. Mimi nauruhusu kwa dera moja la kuvaa na kuukataza kwa zaidi. Jina la punguzo hutundikwa kwenye kundi kubwa la watafuta bei nafuu, na ghafla hata wateja wako wa zamani wanalitumia. Ukiona jina moja linajaa kwa siku moja, ulizia, na ikibidi badilisha jina. Oda za lipa ukipokea humiminika na nusu zinakataliwa mlangoni. Ndiyo maana kamisheni haihesabiwi mpaka pesa ziingie. Na kuna anayechukua picha zako akaandika namba yake na bei yake. Huyo mwondoe siku hiyohiyo, mlipe alichouza, usibishane naye hadharani.

Hatua ya 10: Kila mwisho wa mwezi, soma jedwali

Angalia nani ameuza, nini kimerudi, na kwa kila dera kimebaki nini baada ya yote. Mara nyingi utakuta wawili wamebeba karibu kila kitu. Usiwahimize wale waliolala kwa ujumbe wa kila siku. Ongeza kwa wanaouza. Mathalani, akipita madera 20 kwa mwezi, yanayofuata yalipwe 200 badala ya 170. Anayekaa miezi mitatu bila mauzo, mfungie jina kwa heshima na umpe nafasi mwingine.

Halafu atatokea mmoja atakayekua mpaka akaanza kuulizia bei ya jumla. Wenye maduka wengi huingiwa na wasiwasi hapo, wakidhani anataka kuwaibia wateja. Mpe. Fungeni hesabu ya kamisheni mpaka siku hiyo, jina lake la mauzo lizimwe, aanze kununua kwako kwa pesa taslimu kuanzia madera 12, kwa bei iliyo juu ya uliyonunulia wewe na chini ya ya reja reja. Kwa dera la mfano wetu, 1,400 inafaa: wewe una 350 bila kujibu mteja, bila tuktuk na bila kurudishiwa, na yeye anauza 1,800 kama duka. Mwandikie tu kwamba bei ya mtandaoni haishuki chini ya hapo, ili asiwaharibie madalali waliobaki.